Naomba ushauri: niendelee na toleo kamili la The Stand au nihamie lile fupi?

Habari zenu, wanakikundi. Ninasoma The Stand, riwaya ya Stephen King, jioni nikishatoka kazini hapa Dodoma. Nakala niliyoazimwa ni ya toleo kamili la 1990, lenye kurasa zaidi ya 1,000, ambamo mwandishi alirudisha sehemu nyingi zilizokatwa katika toleo la 1978.

Sura za mwanzo, ambamo homa inaponyoka kambi ya jeshi na kuangamiza karibu watu wote, zilinishika barabara. Lakini tangu manusura waanze kugawanyika, wengine wakimfuata Mama Abagail, bibi kizee mcha Mungu, hadi mji wa Boulder na wengine Randall Flagg, yule mwovu, kule Las Vegas, vikao vya kamati inayoongoza manusura wa Boulder vimenichosha mno. Nimeandika orodha ya majina kwenye karatasi ninayoitumia kama alamisho, nimejaribu hata kusoma kwa sauti, na bado ninasinzia. (Flagg, kusema kweli, hanisinzishi kamwe.)

Je, nikihamia toleo fupi nitakosa jambo la msingi katika pambano la wema na uovu? Na kama ni heri nibaki na hili, vikao hivyo vinarukika bila kupoteza mtiririko? Naomba msinidokeze mwisho wake.