Koo, mashine ya umeme au sanduku la kandili: kipi bora kwa mayai hamsini?

Mfugaji wa Wete
Asalaam aleikum. Nna makoo wa kienyeji na jogoo wa kuchi, nataka vifaranga wengi kwa mpigo. Naona njia tatu: niwawekee makoo mayai, ninunue mashine ya umeme ya kuangulia mayai 56 inayoyageuza yenyewe, au seremala anitengenezee sanduku la kandili, yaani la mbao linaloatamia mayai kwa joto la kandili. Umeme wetu Pemba unatoka Tanga kwa waya wa chini ya bahari tangu 2010, afadhali kuliko zama za majenereta, lakini hukatika. Mwanishauri kipi?

Fundi Fuoni
Waalaikum salaam. Mashine, ila isiyokubali betri ya volti 12 usiinunue. Na ile namba ya joto inayojiandika usiiamini hivi hivi. Iwashe tupu siku nzima, tia ndani kipimajoto cha homa, kile cha kioo, ukikung'ute kila unapotaka kusoma upya. Mashine ya feni inataka nyuzi 37.5 hadi 37.8. Mashine ikisema 37.7 na kipimajoto kikasema 38.5, rekebisha kabla yai halijaingia.

Halafu maji. Hili linaua vifaranga wengi. Karatasi ya maelezo inakwambia ujaze maji, lakini masika hewa yetu imeshalowa tayari. Yai linatakiwa lipungue uzito karibu asilimia 12 mpaka siku ya 18. Lisipopungua, nafasi ya hewa inabaki ndogo na kifaranga anafia ndani ameshakamilika, manyoya na yote. Unyevu uwe asilimia 50 hadi 55. Ukifika wenyewe, usitie maji. Siku 3 za mwisho upandishe 65 hadi 70, na kugeuza uache.

Bi Mkubwa wa Makunduchi
Mwanangu, koo hajui kukatika umeme. Mpe mayai kumi au kumi na mawili, asizidishiwe, na majivu kidogo kiotani kwa ajili ya utitiri. Tabu yake ni kunguru: akitoka tu na wanawe, wanadokolewa mmoja mmoja. Wiki za mwanzo mfunike kwa tenga.

Kijana wa Konde
Sanduku la kandili mie sikushauri. Halina feni, joto la juu na la chini haliwi sawa, na usiku kucha lazima mtu awe macho na utambi. Na moto ndani ya mbao, kaka!

Fundi Fuoni
Bi Mkubwa kasema kweli, ndiyo maana mie nachanganya. Siku ya kuweka mayai kwenye mashine, waatamishe na makoo kadhaa. Siku ya 21 wakianguliwa wa mashine, usiku wapenyeze chini ya makoo. Asubuhi makoo wanawaona ni wana wao. Huhitaji taa ya kuwapasha joto. Umeme ukikatika saa mbili tatu, usifungue mashine, ifunike blanketi ila matundu ya hewa yaache wazi.

Mfugaji wa Wete
Shukran, nachukua mashine na makoo. Mayai nimeyakusanya kikapuni tangu juma lililopita, yanafaa?

Bi Mkubwa wa Makunduchi
Yaliyozidi siku 7 pikeni. Yaliyobaki yaweke pabaridi, si kwenye friji, ncha iangalie chini, wala usiyaoshe. Siku ya 7 yamulike kwa tochi: usipoona mishipa, litoe.