Binti kapiga filamu ya dakika tisa: tamasha la Walatino litaipokea?

Kutoka: Mama Rogers Park, Chicago

Wanajamvi, hamjambo. Nina swali, naomba msinicheke.

Binti yangu wa miaka 17 kapiga filamu kwa simu. Dakika tisa. Aliipiga humu humu ndani mwezi wa kwanza, bibi yake alipokuwa amekuja kututembelea kutoka Tanga, theluji imejaa hadi kwenye kidirisha cha jikoni. Kisa chenyewe: kila asubuhi mjukuu anapita sebuleni macho kwenye simu, anamtupia bibi "shikamoo" kama anayetupa ganda la ndizi. Bibi haitikii. Kesho yake tena, haitikii. Sitawamalizia.

Sasa mwalimu wake kamletea karatasi ya tamasha dogo la hapa mjini, upande wa Humboldt Park, linaloonyesha filamu fupi za Walatino (watu wenye asili ya Amerika ya Kilatini) na watengenezaji wa kujitegemea. Mtoto hamu imempanda. Mimi najiuliza, sisi wa Tanga na Walatino wapi na wapi? Filamu yenyewe Kiswahili tupu. Ada ya kutuma ni dola 15, wiki ya mwisho inapanda hadi 30. Na kuna fomu za kusaini, sijui za nini. Aliyewahi kupita njia hii anisaidie kabla sijatoa hela.

Kutoka: Mzee wa Houston

Mama, hiyo ya ganda la ndizi nimecheka peke yangu humu ndani.

Lakini nina neno. Kwa nini twende kubisha hodi kwa watu? Zanzibar wana tamasha lao la filamu, ZIFF, tangu 1998, Ngome Kongwe inajaa watu wa kila rangi. Sisi huku tukikutana ni harusi au msiba, na kikao cha michango ya harusi au msiba. Kila mwaka nasikia tutaanzisha tamasha letu, kamati inaundwa, mweka hazina anahama jimbo. Dola 15 mnunulie mtoto soksi za baridi.

Kutoka: Dada wa Uptown, Chicago

Mzee wangu, shikamoo. Kamati ikishaundwa nitakuja. Kwa sasa mtoto ana filamu mkononi na tarehe ya mwisho iko karibu.

Mama, soma tena hilo neno "na" kwenye karatasi. Hawajasema Walatino wa kujitegemea, wamesema Walatino na wa kujitegemea. Hapo ndipo mlango wenu ulipo. Matamasha mengine hayana mlango huo. Lile kubwa la hapa, Chicago Latino Film Festival, ni la kazi za Walatino, na la Kiswahili halina pa kuingilia. Hilo nendeni kama watazamaji, na nendeni kweli. Lilianza mwaka 1985 na filamu 14 zikiangaziwa kwenye ukuta wa zege, watazamaji 500, chini ya uangalizi wa chuo cha St. Augustine College. Jengo la zamani la chuo hicho pale mtaa wa Argyle ndilo lililokuwa studio za Essanay, ambako Charlie Chaplin alipiga filamu mwaka 1915. Kutoka kwako ni vituo vichache vya treni ya Red Line, binti akapige picha mlangoni. Nalisema hili kwa ajili ya Mzee pia: wenzetu hao walianza na ukuta.

Sasa kazi yenyewe. Kwanza wimbo. Mama, kuna wimbo ndani ya hiyo filamu? Nauliza kwa sababu mimi niliungua hapo. Miaka michache iliyopita nilipiga filamu ya dakika 12 kuhusu saluni ya kusuka. Redio ilikuwa inalia nyuma, taarabu ya zamani, tamu mno, ndiyo iliyokuwa inabeba filamu. Tamasha moja (silitaji) likaikubali, nikatangaza ukoo mzima. Wiki mbili kabla ya onyesho wakaniandikia: tuletee barua ya ruhusa ya wimbo. Kumbe wimbo mmoja una haki mbili. Kuna mwenye utunzi, yaani maneno na muziki, na kuna mwenye ile rekodi uliyoisikia. Unahitaji wote wawili. Nilimpata mjukuu wa mtunzi kwa simu, mtu muungwana kabisa, akaniambia chukua, mwanangu, bila malipo. Mwenye rekodi hadi leo sijampata. Filamu ikaondolewa kwenye ratiba. Haikusaidia kwamba wimbo unasikika sekunde 40 tu. Watu husema sekunde kadhaa ni bure, msiwasikilize.

Kama redio ililia nyuma ya maneno ya bibi, huwezi kuifuta bila kuyafuta maneno. Itabidi wayarudie wakiwa wametulia chumbani, mnafunika nguo juu ya kichwa na simu ili mwangwi usiingie. Nimelifanya hilo kabatini, nikatoka nimelowa jasho.

Pili, msiipandishe YouTube kwa kila mtu. Matamasha mengine hayataki filamu iliyokwisha kuonwa na dunia nzima. Iwekeni mahali penye linki na neno la siri, na neno la siri lisibadilishwe katikati! Waamuzi wakikuta mlango umefungwa hawabishi mara ya pili.

Fomu ni za ridhaa. Kila anayeonekana sura anasaini kwamba amekubali. Binti hajafika 18, kwa hiyo wewe unasaini kwa niaba yake. Bibi anasaini mwenyewe. Kama Kiingereza hakipandi, msomeeni kwa Kiswahili kwanza, si kumshikisha kalamu tu.

Na dakika tisa ni nzuri. Filamu fupi kwa kipimo cha tuzo za Oscar ni hadi dakika 40 pamoja na majina ya mwisho, lakini mpanga ratiba wa tamasha dogo ana dakika 90 za kujaza na filamu kumi mezani. Ya dakika tisa inapenya. Ya 28 lazima iwe nzuri kuliko tatu za wenzake.

Ada lipeni mapema, au waandikieni barua fupi ya kistaarabu kwamba ni mwanafunzi. Wengi husamehe. Na msitegemee tamasha moja. Hapa hapa Chicago kuna CineYouth, ya vijana wa miaka 22 kushuka chini, na kuna Black Harvest pale Gene Siskel Film Center, State Street, ambayo ni ya kazi za watu weusi, wa hapa na wa kwetu.

Kutoka: Baba Wawili, San Antonio

Aksanti Dada, umemaliza karibu yote. Mimi ni mtu wa Bukavu, Kiswahili changu munakijua, munivumilie.

Huku San Antonio tunaishi katikati ya Wamexico, zaidi ya nusu ya mji ni Walatino. CineFestival ya hapa ilianza mwaka 1976, kati ya zote za Walatino nchini hii ni ya zamani kabisa. Wanaonyeshea Guadalupe Theater, upande wa magharibi ya mji. Mwaka wa kwanza nilienda kwa sababu ya joto. Mwezi wa saba hapa ni kama kuishi ndani ya tanuru, na ukumbi ulikuwa na hewa baridi. Nikakaa karibu na mama mmoja mzee, mapumziko ikafika, nikamwambia mtoto wangu aweke chupa juu ya meza. Yule mama akageuka: mesa? Tukaanza kuhesabu. Meza, mesa. Bendera, bandera. Nikamwambia ni Wareno waliotuachia, walipita kwenye pwani yetu zamani. Akasema kwao walipita ndugu zao, na hawakupita tu. Tukacheka mpaka taa zikazimwa.

Mama, usiogope kwamba binti amepigia filamu nyumbani na bibi yake. Robert Rodriguez ni mtoto wa mji huu. Filamu yake fupi ya mwaka 1991 aliwachezesha wadogo zake mwenyewe, ikazunguka matamasha na kushinda. Filamu ndefu yake ya kwanza aliitengeneza kwa dola 7,000 hivi, sehemu ya pesa aliipata kwa kukubali kujaribiwa dawa hospitalini. Hiyo ya dawa binti asiige.

Kutoka: Mwanafunzi, Columbus

Kaka zangu, dada zangu, shikamooni. Samahani kuingilia. Mimi niko kwa viza ya F-1, ile ya wanafunzi. Naweza kujitolea kwenye matamasha kama haya, kukata tiketi na kupanga viti? Nasikia ukijitolea unaingia bure filamu zote.

Kutoka: Dada wa Uptown, Chicago

Marahaba mdogo wangu. Kujitolea kweli kweli, bila malipo, kwa shirika lisilo la faida, kazi ambayo kwa kawaida hufanywa na wanaojitolea, hiyo watu wa F-1 huifanya. Wakianza kukupa posho, hata ya bahasha, imekuwa kazi, na hapo unacheza na viza yako. Kabla ya kuvaa ile fulana yao pita ofisi ya wanafunzi wa kigeni chuoni kwako, uliza, na jibu lao liwe la barua pepe ili ubaki nalo. Na yeyote atakayeshinda zawadi ya fedha ajue kwamba IRS, watu wa kodi, huihesabu kama kipato.

Kutoka: Mama Rogers Park, Chicago

Mungu awabariki. Wimbo wa redio haumo. Bibi anaimba tu kwa midomo iliyofumbwa mle ndani anapomenya viazi, nimemuuliza ni wimbo gani, anasema ni wa kubembelezea watoto, mama yake aliuimba na mama wa mama yake. Dada, huo nadhani hauna mwenye kampuni.

Fomu bibi kasaini kwenye simu baada ya kusomewa yote kwa WhatsApp, dakika 25, na kauliza kama anadaiwa chochote.

Sasa tumekwama pengine. Tamasha linataka maandishi ya chini kwa Kiingereza, na ukipenda Kihispania pia. Sentensi nyingi zimetoka. Neno linalotukwamisha ni lile lile linalobeba filamu. Shikamoo kwa Kiingereza ni nini? Binti aliandika "Good morning". Nimekataa. Mtu hawezi kukasirika dakika tisa kwa sababu ya good morning.

Kutoka: Mzee wa Houston

Hapo sasa mmefika kwangu. Shikamoo ni "nashika miguu yako". Aandike hivyo, kamili: I hold your feet. Waone uzito wake.

Kutoka: Dada wa Uptown, Chicago

Mzee wangu, uzito wataona, lakini ukumbi utacheka. Mtoto wa jinzi anapita na simu, chini kumeandikwa nashika miguu yako, wataangalia miguu. Na maandishi yenyewe yanakaa sekunde mbili. Mistari isizidi miwili, kila mmoja herufi 42 hivi, la sivyo mtu anasoma badala ya kutazama uso wa bibi.

Mimi ningeacha Shikamoo kama ilivyo. Mara ya tatu watakuwa wameshaelewa, maana filamu yenyewe inawafundisha. Neno lisilojibiwa halihitaji kamusi.

Kutoka: Baba Wawili, San Antonio

Nyie wa pwani na Shikamoo yenu. Kwetu Bukavu mtoto anasema jambo na dunia inaendelea.

Kutoka: Mama Rogers Park, Chicago

Baba Wawili, wewe tutaonana.

Sikilizeni yaliyotokea jana. Ghorofa ya pili hapa kwetu kuna mama wa Puerto Rico, mtu wa Ponce, tumekuwa tukisalimiana kwa mikono na tabasamu miaka minne. Nilimpelekea sambusa nikamwonyesha filamu, binti akimtafsiria. Mara ya pili tu mjukuu alipopita, yule mama akamwelekezea kidole msichana wa kwenye kioo: "Bendición!" Kwa ukali, kama anayemkumbusha.

Tukamwomba aeleze. Kwao mtoto akimwona bibi, mjomba, mtu mzima yeyote wa nyumbani, husema "Bendición", anaomba baraka. Mkubwa hujibu "Dios te bendiga". Hata kwa simu, kabla ya habari yoyote. Ukiingia chumbani bila kuisema, umeingia kama paka. Na bibi akinyamaza bila kujibu, akasema, mtoto siku hiyo chakula hakimshuki.

Binti alikuwa amesimama na sambusa mkononi, haumi.

Basi kwa Kihispania tumeandika Bendición, abuela. Kwa Kiingereza tumeacha Shikamoo, Bibi, kama Dada alivyosema. Mzee, miguu yako tumeitafutia nafasi: kwenye yale maelezo mafupi ya filamu wanayochapa kwenye kijitabu, binti kaandika asili ya neno. Sentensi moja.

Barua ya kuomba msamaha wa ada alijibiwa siku hiyo hiyo, wamesamehe. Kosa letu lilikuwa moja tu: alipoyabandika maandishi juu ya picha, sauti na mdomo vilikuwa vimeachana kidogo mwishoni, kwa sababu simu hubadilisha idadi ya picha kwa sekunde jinsi ipendavyo. Ilibidi aanze upya na kuifunga kwenye 24. Usiku mzima. Wenye watoto wapigao kwa simu, waambieni waifunge kabla ya kuanza.

Imetumwa jana. Jibu ni baada ya wiki sita. Nimewaambia wa nyumbani hakuna kutangaza ukoo, Dada kanifunza.

Ila Jumamosi hii tamasha lina onyesho la bure la filamu za mwaka jana, ukumbi mdogo, Division Street, karibu na zile bendera mbili kubwa za chuma. Nataka binti aone filamu fupi zikikaa pamoja kabla hajaambiwa ndiyo au hapana. Jirani wa ghorofa ya pili anakuja. Gari lina nafasi tatu. Tunatoka mlangoni kwangu saa 12 jioni.

Kutoka: Mwanafunzi, Columbus

Ningekuwa karibu! Mtuletee habari.

Kutoka: Dada wa Uptown, Chicago

Niwekee moja. Saa 12 ya kwetu au ya kwao? Mara ya mwisho nilifika adhuhuri.