Komedia za shule: alama ya umri inatutosha wazazi?

Mama wa Kampemba:
Ndugu wazazi, tulizungumze hili wote. Likizo hii watoto wetu wa Lubumbashi wanakesha na komedia za vijana wa shule za Marekani zilizotiwa sauti ya Kifaransa. Ukiuliza, jibu ni moja: "Mama, wameandika 12." Namba hiyo hainipi usingizi. Wanaopanga umri hutazama zaidi matusi, ngono, damu na dawa za kulevya. Dharau haina namba yake.

Chukueni Mean Girls ya 2004. Kwao iliwekwa PG-13, yaani mzazi wa mtoto asiyefika miaka 13 ajihadhari. Humo wasichana wana daftari zima la kuwachafulia wenzao majina, na kicheko kingi kinatoka hapo. Eighth Grade ya 2018 inamhusu msichana wa miaka 13 mwenye haya nyingi, ikapewa R kwa sababu ya lugha na mambo ya kimapenzi: asiyefika 17 haingii sinema bila mtu mzima. Mimi na binti yangu wa miaka 14 tungekaa pamoja tukaitazama hii ya R. Ile ya 13 ndiyo ningeisimamisha mara nyingi, tuzungumze.

Ninachotazama ni nani anachekwa. Akiwa mwenye kiburi, sina neno. Akiwa mnene, maskini, au mgeni asiyejua lugha, na filamu ikaisha bila yeyote kumwomba radhi, naizima. Kijana wangu wa miaka 11 alianza kumwigiza binamu yake aliyetoka Kasenga kila alipochanganya "l" na "r" kwa Kifaransa, kwa sauti na mkao wa kwenye komedia. Binamu akaacha kusema Kifaransa mezani. Halikutamkwa tusi hata moja. Alama gani ingenionya?

Papa wa Katuba:
Mama, heshima yako, lakini unatutwika kazi isiyowezekana. Natoka alfajiri, narudi usiku. Umeme ukiwapo wako kwenye televisheni, ukikatika wanahamia kwenye simu. Nitapima lini nani anachekwa? Namba naiweza: naweka namba ya siri kwenye dekoda, basi. Tena shule za kule si zetu. Mwalimu anajibiwa ovyo, watu wanacheka! Kwangu zote zimefungwa mpaka mtoto apite Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari.

Mama wa Kampemba:
Papa, namba ya siri inaishia kwenye dekoda. Kipande kinachopita kwenye simu ya jirani hakina alama yoyote. Na sebuleni kwetu wanakaa wa miaka 16, wa 12 na wa 6 kwenye mkeka mmoja. Chaneli za Ufaransa zikiweka -10 au -12, yaani haifai kwa walio chini ya umri huo, tumfuate mtoto yupi? Sisemi uangalie filamu nzima. Tazama dakika ishirini za mwanzo, hasa chumba cha kulia cha shule: mara nyingi komedia hizi hukuonyesha pale nani anakaa na nani, na nani ametengwa. Kisha usiku muulize mtoto, "Yule mliyemcheka, mwishoni ilikuwaje?" Jibu lake litakueleza mengi.

Mwalimu wa Kamalondo:
Majina ya utani ya filamu nayasikia darasani kila Jumatatu, kwa hiyo Mama namwelewa. Ila Papa, kufunga zote kuna hasara yake. Msichana mmoja wa sekondari alikuwa anaonewa na wenzake, akashindwa kunieleza. Siku moja akanisimulia komedia aliyoiona, mwanzo hadi mwisho, kisha akasema taratibu, "Mwalimu, ni kama mimi." Ndipo tukajua pa kuanzia. Wadogo wazuiwe, hapo nakubali. Wakubwa waachiwe, lakini waulizwe.

Papa wa Katuba:
Mwalimu, hilo limenigusa. Wa miaka 15 nitamfungulia Jumamosi, nikiwa nyumbani, tutazame wote. Simu ya usiku sitoi.