Gumzo la familia: Foksi ya Babu

*Kikundi: Familia ya Magomeni*

Iddi: Shikamooni wakubwa. Fundi aliyefungua kabureta ya Foksi ya Babu, ile Volkswagen ya kobe, juzi ameondoka, na kuna vitu sivioni. Ile fimbo nyembamba ya ubavuni inayosukuma pampu ya kabureta inaning'inia tu, haina pini wala springi. Nani aliona kitu uwani?

Shangazi Mwajuma: Marahaba baba. Mimi nilifagia asubuhi. Taka zote ziko kwenye ndoo ya getini, sijamwaga.

Mjomba Saidi: Marahaba Iddi. Dada, umefanya la maana sana kutomwaga. Iddi chukua chekeche la unga, chekecha huo mchanga juu ya sinia. Pini na springi ni chuma, pitisha sumaku zitanata. Ila kama kuna jeti imedondoka, kile kiskrubu chenye tundu la kupitisha petroli, usiitegemee sumaku. Jeti ni shaba, haikamatwi, hiyo utaitafuta kwa macho na tochi. Halafu nitumie picha ya kabureta, juu na ubavuni.

Iddi: [picha]
[picha]

Mjomba Saidi: Hiyo kabureta ni Solex 34 PICT-3, ndiyo ya injini ya cc 1600. Hiyo pini isikusumbue, splitipini nyembamba zimejaa maduka ya spea. Kuna kingine kimenishtua hapo. Uone ule mrija mfupi wa shaba kwenye kifuniko, unaovalishwa mpira wa petroli. Ushike kwa vidole uuzungushe. Unacheza?

Iddi: Unacheza, Mjomba. Unazunguka kabisa.

Mjomba Saidi: Basi gari isiwashwe. Hata kuisogeza kivulini msiwashe, sukumeni. Chomoa betri sasa hivi, iko chini ya kiti cha nyuma.

Rehema: Mjomba shikamoo. Jumamosi ndiyo gari ya harusi, ya kunitoa nyumbani 😟 Si kimrija tu hicho?

Mjomba Saidi: Marahaba mwanangu. Nisikilize vizuri. Ule mrija haukufungwa kwa nyuzi za skrubu, kiwandani uligongewa tu ndani ya kifuniko. Miaka inapita, injini inatetemeka, joto linapanda na kushuka, tundu linalegea. Siku ukichomoka mkiwa barabarani, pampu ya petroli haijui, inaendelea kumwaga petroli juu ya injini yenye moto. Na distribyuta yenye cheche iko hapo hapo jirani. Foksi nyingi duniani zimeungua kwa sababu hiyo. Kibaya zaidi, kasha la injini yake ni aloi ya magnesi. Likishika moto, maji yanauchochea. Wewe utakuwa siti ya nyuma na shela lako, injini iko mgongoni kwako. Siwezi kunyamaza.

Rehema: Nimeelewa Mjomba.

Baba Mkubwa: Saidi, haiwezekani kuweka gundi ya chuma? Ile ya mirija miwili ya kuchanganya.

Mjomba Saidi: Kaka, gundi peke yake siiamini pale. Petroli na joto vinailainisha taratibu, huku nje unaona iko imara. Dawa ya kweli ni kumpelekea fundi wa kuchonga vyuma kule mtaa wa Gerezani. Achomoe mrija, akate nyuzi kwenye kifuniko, kisha afunge kiungo cha shaba chenye nyuzi. Kazi ndogo kwa mtu mwenye tepu zake za kukatia nyuzi.

Iddi, usimpelekee kabureta nzima. Kifuniko kina skrubu tano, toa hizo na waya wa choki, kinanyanyuka. Toa na vali ya sindano ya boya iliyo chini yake pamoja na washa yake, ile pete bapa, usiipoteze, unene wake ndio unaopanga kimo cha petroli. Funika koo la kabureta kwa kitambaa safi, skrubu ikidondoka humo inakwenda kwenye vali za injini. Na fundi akimaliza, osha kifuniko kwa petroli, pulizia upepo kila tundu. Unga wa chuma ukibaki utaziba jeti.

Iddi: Sawa. Na jeti nizisafishe kwa waya?

Mjomba Saidi: Hapana! Shaba ni laini, waya unapanua tundu. Pulizia tu. Jeti kuu imeandikwa namba, kabureta hii kwa kawaida inakuja na 127.5. Ukiuziwa mbadala soma namba kwanza, usikubali "inafanana". Kabureta za Brosol za Brazili na Bocar za Meksiko ni ukoo wa Solex, spea zake zinaingiliana sana.

Iddi: Springi nimeipata!! Pini bado.

Shangazi Mwajuma: Alhamdulillah.

Mjomba Saidi: Safi. Pini nunua mpya. Nunua na mpira mpya wa petroli, wa kipenyo chake, usiwe wa kulazimisha, na klipu zake. Kwenye picha yako naona pia filta inaning'inia kati ya pampu na kabureta. Uzito wake ndio unaouvuta mrija. Ihamishie chini, upande wa giaboksi. Na bomba la petroli linapopita kwenye bati la injini liwe na raba yake, la sivyo bati linalikata.

Baba Mkubwa: Iddi nakutumia hela kwenye simu sasa hivi. Nunua na kizima moto cha unga, kikae ndani ya gari.

Iddi: Nimeipokea, asante Baba Mkubwa. Kesho asubuhi Gerezani.

Mjomba Saidi: Alhamisi jioni nakuja. Tutaiwasha hapo uwani, tuiache ingurume mpaka ipate moto, nipapase kila kiungo kwa kidole kikavu. Nikikuta unyevu, Rehema anatoka na Toyota Noah ya kaka.

Rehema: Nimekubali, Mjomba. Ila jitahidini, Babu alinibeba humo tangu mchanga 🙏🏾

Baba Mkubwa: Noah nitaiosha Ijumaa, iwe tayari kwa vyovyote.