Malori ya makaa ya mawe barabara ya Mikindani: mnasubiri tufe wangapi?

Wakuu, naandika kwa mkono wa kushoto maana kiwiko cha kulia kimefungwa bendeji, kwa hiyo mkikuta herufi zimerukwa mnivumilie. Nina hasira na sitaki kuificha.

Kwanza, mimi si bodaboda. Nasema hivyo si kwa kuwadharau, ni kwa sababu najua kuna watu wakisoma tu neno "pikipiki" wanaacha kusoma. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Mikindani, nafanya kazi Mtwara mjini. Nina skuta yangu, cc 125. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 22, nusu lita ya petroli inanitosha kwa siku. Hiace zipo, ila ukitoka kazini usiku unakaa ndani yake mpaka ijae, huku nyumbani watoto hawajala. Skuta ndiyo imenifanya niweze kupanga siku yangu. Leseni ninayo, bima ninayo, helmeti navaa hata nikitumwa chumvi dukani.

Jumanne iliyopita nilitoka kazini saa mbili kasoro. Nimeshavuka Mangamba, pale njiani kutoka mjini, barabara imetulia, niko spidi 45. Mbele linakuja lori limewasha ful, halishushi taa. Nikapunguza, nikabana kushoto kama tulivyofundishwa. Likapita. Kila anayeendesha pikipiki usiku analijua lile giza linalobaki machoni taa kali zikishapita, unakuwa kipofu kwa muda wa kuvuta pumzi moja. Ndani ya giza lile kulikuwa na tela.

Limepaki, nusu liko kwenye lami, nusu kwenye mchanga. Halina taa hata moja. Zile stika nyekundu za kuakisi zipo, lakini vumbi la makaa limezifunika mpaka zimekuwa rangi moja na bodi. Na onyo lililowekwa kutuambia sisi tunaokuja kwamba hapa kuna tani na tani za chuma zimesimama ni tawi la mkorosho. Limelazwa hatua tatu nyuma ya tairi la mwisho. Hatua tatu! Kwa spidi 45 pikipiki inakula zaidi ya mita 12 kwa sekunde moja, na hiyo sekunde inaisha kabla vidole havijabana breki. Tawi lile huwezi kuliona ukasimama. Unaliona tu ukiwa umeshalipanda.

Nilikata kulia. Ningepona hapohapo bila hata mkwaruzo, lakini nyuma ya lile tela makaa yalikuwa yamemwagika juu ya lami, vipande kama kokoto vilivyochanganyika na unga. Tairi la mbele likapanda juu yake likachomoka kana kwamba nimekanyaga gololi. Nikaenda chini, nikaburuzika, skuta ikaenda kivyake. Kama lile lori lililopita lingekuwa na mwenzake nyuma, na wote tunajua siku hizi yanatembea kwa misururu, leo uzi huu usingekuwepo.

Nilipoinua kichwa niko pale chini, kitu nilichokiona ndicho kinachoninyima usingizi. Chuma cha mkia wa tela. Nimepiga hesabu mara nyingi: nikiwa nimekaa kwenye skuta, kile chuma kiko usawa wa shingo yangu. Ule mwamba unaofungwa chini ya mkia ili gari dogo lisiingie uvunguni haukuwepo. Umekatwa. Zimebaki ncha mbili zina kutu.

Utingo akatoka uvunguni, alikuwa amelala kwenye mkeka. Kijana mdogo kabisa. "Mama pole, mama samahani, tairi limepasuka tangu asubuhi, tajiri hajatuma hela." Nikamuuliza, pembetatu yenu iko wapi? Akasema iko kabini, wakiiweka nje inaibiwa. Akaniinulia skuta, akanimwagia maji ya kunywa kwenye kiwiko kutoka kwenye dumu lao, mikono inamtetemeka kuliko yangu. Huyo mtoto sina ugomvi naye. Ugomvi wangu ni na tajiri anayeona heri gari lake lilale barabarani siku nzima kuliko kununua tairi la akiba, na wote wanaopita pale mchana kweupe wakaona kuna gari limeharibika na hawafanyi lolote.

Kesho yake nikaenda kwenye ofisi moja inayohusika kutoa taarifa. Swali la kwanza: "Ulikuwa spidi ngapi?" Nikajibu. Swali la pili: "Na wewe mama, usiku huo ulikuwa unatoka wapi?" Ndugu zangu, nimekwenda na damu kwenye blauzi naulizwa natoka wapi! Sikuulizwa namba ya tela. Ninayo, niliiandika, imebaki kwenye simu yangu. Nikaambiwa suala la barabara si la kwao, niende ofisi nyingine. Ile nyingine wakasema barabara ndiyo ya kwao ila malori si ya kwao. Nikarudi nyumbani.

Lakini mimi nimewahi kusimamishwa kwenye barabara hiihii kwa sababu taa ya breki ya skuta iliungua, na nikalipa faini. Sikulalamika, taa iliungua kweli. Sasa nauliza, taa yangu ndogo kama kifuniko cha soda inaonekana, tela zima lisilo na taa halionekani?

Najua watakuja wa kusema napinga maendeleo. Sipingi. Mdogo wangu wa kiume anapata vibarua bandarini. Miaka ile bandari yetu imelala, kazi tulikuwa tunazisikia msimu wa korosho tu, kwa hiyo gati jipya lile la mita 300 nalifurahia kama ninyi. Lakini makaa yanayoletwa bandarini yanatoka mgodi wa Ngaka, kule Mbinga, zaidi ya kilomita 600, na yote yanakuja kwa magurudumu juu ya lami moja. Wazee wetu waliiona reli hapa, ya Nachingwea, iliyojengwa kwa ajili ya karanga za mkoloni. Ilifungwa miaka ya 1960 ikang'olewa, tukabaki na kata inayoitwa Reli. Reli ya kwenda Mbamba Bay tunaisikia kwenye hotuba. Sawa, tutaisubiri. Lakini wakati tunasubiri, barabara ile ndiyo ya wanafunzi, ya wauza samaki wenye baiskeli, ya boda, na ya mimi. Na msimu wa korosho ukianza mnajua hali inavyokuwa, malori yanaongezeka mara dufu na yanapaki popote.

Halafu mvua. Huku mvua zetu zinaanza Novemba au Desemba. Vumbi la makaa likikutana na mvua ya kwanza linakuwa utelezi mweusi. Nimeshaona boda wawili wameanguka sehemu moja asubuhi moja, mmoja amepakia mwanafunzi. Watu wakasema "boda hao, wanajitakia". Mtoto mwenye sare ya shule alijitakia nini?

Ninachotaka wala si kikubwa. Turubai lifungwe likafungika, siyo kutupiwa juu kama kanga. Lori likiharibika livutwe kabla jua halijazama, na kama haliwezekani, iwekwe pembetatu mbali kiasi cha mtu kuiona akasimama. Malori yatengewe uwanja wa kusubiria zamu ya kuingia bandarini. Ardhi kutoka hapa mpaka Mingoyo ipo, msituambie haipo. Na akija mtu kutoa taarifa, chukueni namba ya gari kwanza, maswali ya anatoka wapi mbaki nayo.

Skuta iko kwa fundi. Shokapu za mbele zimepinda, saiti mira ya kulia imekwenda, helmeti ina mchirizi unaoingia ukucha. Helmeti hiyo sitaivaa tena, ila sitaitupa.

Jana nimepita na Hiace. Tela bado liko palepale, siku ya nne, tawi limeshakauka. Mnaotoka mjini usiku huu kwenda Mikindani, ukishavuka Mangamba liko upande wako wa kushoto, baada ya minazi mitatu iliyosimama pamoja. Punguzeni spidi mapema, na msikate kulia ghafla, makaa bado yapo chini. Na mwenye picha za magari ya namna hii azishushe hapa.