Mnaopima mabingwa wa ngumi kwa sifuri kwenye rekodi, mnawadhulumu waliopigana na watu

Wakuu, nimevumilia sana ila leo yamenifika shingoni, acha niseme.

Juzi usiku tulikaa watu watano tunatazama marudio ya mapambano ya zamani. Mjadala ukaanza: kati ya mabingwa wa uzito wa juu, nani akae juu ya nani. Mmoja wetu akatoa simu, akafungua rekodi, akaanza kusoma kama karani. Huyu kapoteza matano, huyu manne, huyu hajapoteza kitu. Basi, kwake kesi ikawa imeisha. Joe Frazier akatupwa chini kabisa, chini ya watu ambao wangekutana naye mwaka 1970 nisingewapa hata raundi sita. Nikamuuliza swali moja tu: hayo manne, Frazier alipigwa na nani? Hajui. Hajui, na hukumu alishatoa!

Frazier alipanda ulingoni mara 37 kwenye ngumi za kulipwa, akapoteza nne. Mbili kwa Muhammad Ali, mbili kwa George Foreman. Hakuna binadamu mwingine aliyewahi kumshinda. Halafu mtu anakuja kuzihesabu nne hizo kama madoa, anamlinganisha na bondia aliyelelewa na promota kwa vibonde ishirini mfululizo, wanaletwa mmoja mmoja, wanaanguka, wanalipwa, wanaondoka. Huo si ushabiki tena, ni dhuluma.

Sifuri hiyo ya kutopoteza imewapofusha watu. Rocky Marciano alistaafu 1956 na ushindi 49, hakupoteza. Floyd Mayweather akafikisha 50 mwezi Agosti 2017, na huyo wa 50 alikuwa Conor McGregor, bingwa wa mapigano mchanganyiko ambaye hadi usiku ule hakuwa na pambano hata moja la ngumi za kulipwa. Mwamuzi akasimamisha raundi ya 10, ushindi ukaingia kwenye rekodi sawa na mingine yote. Sasa niambieni, ile 50 inaizidi 49 ya Marciano kwa lipi?

Na kinachoniuma ni kwamba Mayweather hahitaji kubebwa na namba hiyo. Januari 2001 alimwangusha Diego Corrales mara tano. Corrales alikuwa hajapoteza, mrefu kuliko yeye, mkono mzito, na wengi walidhani ndiye atakayemvunja. Mwaka uliofuata akakutana na José Luis Castillo, akapewa ushindi wa pointi ambao mpaka leo unabishaniwa, na Desemba ya mwaka huohuo akarudiana naye, akashinda tena. Huyo ndiye Mayweather wa kumtaja! Lakini wanaomtetea wanakimbilia namba, wanaomchukia wanakimbilia McGregor, na pande zote mbili ukiwauliza habari za Corrales wanakutolea macho.

Ugonjwa wa pili ni wa majina. Mtu anakuandikia orodha: kampiga fulani, kampiga fulani, majina makubwa matupu, bila kusema kampiga lini. Larry Holmes alimpiga Ali Oktoba 1980, kona ya Ali, yaani wasaidizi wake, ikalisimamisha pambano baada ya raundi ya 10. Ali alikuwa na miaka 38 na alikuwa hajapigana kwa miaka miwili. Mimi namheshimu Holmes kuliko wengi wenu, ila ushindi ule sitauhesabu kamwe kama ushindi dhidi ya Ali. Ushindi wake wa kujivunia ni ule wa Juni 1978 dhidi ya Ken Norton, raundi 15 za kufa na kupona, ya mwisho wote wawili wamesimama wanarushiana bila kurudi nyuma. Norton hana jina la Ali. Usiku ule alikuwa na kitu ambacho Ali wa 1980 hakuwa nacho tena.

Nikisema hivyo ndipo anapotokea mwingine na dawa yake rahisi: "aliyepigwa alikuwa mzee, futa." Hapo napo mnakosea, tena vibaya. Turudi kwa Marciano. Oktoba 1951 alimpiga Joe Louis, akamtoa katikati ya kamba raundi ya nane. Louis alikuwa na miaka 37, alishastaafu, karudi ulingoni kwa sababu ya madeni ya kodi. Haikufika hata mwaka mzima, Septemba 1952, Marciano akapigana na Jersey Joe Walcott. Louis na Walcott, wazee hawa wawili, wamezaliwa mwaka mmoja, 1914, na Walcott ndiye aliyetangulia kwa miezi. Ukihesabu umri tu utawafuta wote.

Sasa tazama lile pambano la Walcott. Raundi ya kwanza Marciano yuko chini, mara ya kwanza maishani mwake kwenye ngumi za kulipwa. Raundi zinakwenda, Walcott anaongoza kwa majaji wote watatu, anatembea, anadanganya kwa bega, anapiga, anaondoka. Kufika ya 13 Marciano hana njia nyingine zaidi ya kumlaza. Walcott akarudi kwenye kamba, wote wawili wakarusha mkono wa kulia kwa wakati mmoja, wa Marciano ukafika kwanza. Walcott akashuka taratibu, mkono wa kushoto umenasa kwenye kamba, goti likagusa, paji la uso likafuata. Mzee yule ndiye aliyekuwa bingwa wa dunia, na kwa dakika 36 alikuwa anashinda. Louis alikuwa jina lililochoka. Tofauti hiyo hamuioni kwenye rekodi hata mkiikodolea macho mwezi mzima. Inabidi mtazame pambano.

Hili nalo: mpinzani kuwa jabali kabla ya pambano, na kugeuzwa kibonde mara tu anapopoteza. Mei 2024 Tyson Fury anaingia ulingoni na Oleksandr Usyk akiwa na miaka 35, ushindi 34, sare moja, hajapoteza. Wiki nzima kabla tunaambiwa Usyk ni mdogo mno, atakandamizwa, uzito utamlemea. Usyk akamtembeza, raundi ya tisa Fury akahesabiwa akiwa ananing'inia kwenye kamba, majaji wakagawanyika, Usyk akashinda. Kesho yake watu walewale wanasema Fury alishachoka siku nyingi. Mlijua lini? Mbona hamkusema Ijumaa? Usyk ni mtu ambaye wapinzani amewafuata kwao: Briedis kamfuata Riga, Gassiev kamfuata Moscow, Bellew kamfuata Manchester, Joshua kamfuata London. Kila anayepigwa naye mnamshusha thamani asubuhi yake. Kwa mtindo huu hakuna bondia duniani atakayewahi kumshinda mtu wa maana, kwa sababu kushindwa kwenyewe ndiko mnakokufanya ushahidi kwamba hakuwa wa maana.

Nikitaka kumwelewesha mtu jambo hili kwa pambano moja, namwonyesha la Julai 21, 1982, Madison Square Garden. Salvador Sánchez, bingwa wa uzito wa unyoya, raia wa Meksiko, miaka 23. Mwaka mmoja nyuma alikuwa amemvunja Wilfredo Gómez, mtu aliyekuja kwake hajapoteza na ushindi wake wote ni wa KO, yaani wa kumaliza mtu kabla ya raundi kuisha. Sasa mpinzani aliyepangwa kaumia, analetwa mbadala kwa notisi fupi: kijana kutoka Ghana, mapambano 13 tu, anaitwa Azumah Nelson. Usiku ule ungemuuliza shabiki wa kawaida angekwambia Sánchez kapewa wa kujipasha moto.

Kengele ikalia, na yule kijana hakuwa wa kujipasha moto. Anasogea mbele, anakula ngumi, anasogea tena. Raundi ya saba Sánchez akamwangusha, akainuka, akaendelea kumsukuma bingwa kana kwamba hakuna kilichotokea. Ikafika ya 15, ya mwisho kabisa, na hapo ndipo Sánchez akamwangusha tena na mwamuzi akakatisha. Ilimchukua bingwa yule, katika ubora wake wote, raundi 15 kummaliza mtu asiyejulikana.

Wiki tatu baadaye Sánchez akafa kwenye ajali ya gari. Na yule mbadala? Desemba 1984 akaenda San Juan, Puerto Rico, nyumbani kwa Gómez yuleyule, akampiga KO raundi ya 11 na kuchukua mkanda. Akawa bingwa wa dunia katika uzito mbili tofauti, mwaka 2004 akaingizwa kwenye jumba la heshima la ngumi. Kwenye karatasi ya 1982 Sánchez alimpiga mtu wa mapambano 13. Ukweli ni kwamba alimpiga mmoja wa mabondia wakubwa kabisa waliowahi kutoka Afrika. Marehemu hakuishi kuliona hilo, na ninyi mlio hai mnaopata nafasi ya kuliona, hamtazami!

Kuna kitu kingine ambacho rekodi haina hata safu ya kukiandika: wale ambao bingwa hakupigana nao.

Riddick Bowe alipoteza pambano moja tu katika ngumi za kulipwa, dhidi ya Evander Holyfield, na Bowe mwenyewe alimpiga Holyfield huyohuyo mara mbili. Kwa hesabu za simu, ni rekodi ya dhahabu. Lakini Desemba 1992, akiwa bingwa asiye na mpinzani kwenye mikanda, mwenye haki ya kumpa changamoto alikuwa Lennox Lewis, aliyekuwa amemlaza Razor Ruddock ndani ya raundi mbili. Lewis pia ndiye aliyemsimamisha Bowe kwenye fainali ya Olimpiki ya Seoul 1988, raundi ya pili. Bowe akaita waandishi wa habari London, akauchukua mkanda wa WBC, mmoja wa mikanda mikuu ya ubingwa wa dunia, akaudumbukiza kwenye pipa la taka. Mbele ya kamera. Hawakukutana tena mpaka wote wanastaafu. Mimi nikiisoma rekodi ya Bowe naliona lile pipa, na nawaomba nanyi mlione. Pambano lile lingetuambia mambo ambayo ushindi 43 hautuambii.

Jack Dempsey naye: bingwa tangu 1919 hadi 1926, miaka mitatu ya mwisho hakutetea mkanda kabisa, na Harry Wills, mtu mweusi aliyekuwa anaidai nafasi yake miaka yote hiyo, hakuipata. Lawama hapo ni za wengi, mapromota na wanasiasa, sawa. Ila unapomweka Dempsey kwenye orodha yako, Wills lazima aandikwe pembeni yake.

Mkimaliza hapo mrudi kwa Louis, maana naye mnamwonea kwa upande wa pili. Mnasema alipiga vibonde kila mwezi. Ni kweli, kati ya Desemba 1940 na Juni 1941 alitetea mkanda mara saba, na wengi wa hao hawakuwa na uwezo wa kumsumbua. Lakini wa saba alikuwa Billy Conn, mwepesi kwake kwa zaidi ya ratili 20, ambaye hadi raundi ya 12 inaisha alikuwa anaelekea kumvua ubingwa. Louis akamlaza ya 13, zikiwa zimebaki sekunde mbili kengele ilie. Bingwa hachagui kizazi anachokikuta. Louis aliwapa nafasi wengi walioidai, wepesi kwa wazito, na aliyekuwa amemshinda, Max Schmeling, alimrudia 1938 akammaliza raundi ya kwanza. Mnataka nini zaidi kwa mtu?

Kwa hiyo kabla hamjanijibu hapa chini na orodha zenu, kila jina mnaloliweka andikeni na tarehe ya pambano, uzito waliokubaliana, na mpinzani alikuwa ametoka kumpiga nani. Msiniletee picha za rekodi. Na yule ndugu wa simu, najua utasoma uzi huu: anza na Machi 8, 1971. Ali ana miaka 29, ushindi 31, hajawahi kupoteza. Nenda moja kwa moja raundi ya 15, mtazame Frazier anavyochuchumaa na kuutoa ule mkono wa kushoto kutoka chini, na Ali anavyokwenda chali. Ukimaliza, njoo unitajie yeyote kati ya wenye sifuri uliowaweka juu yake aliyewahi kumpiga Ali wa namna ile.