Wazee 22 na ukuta mmoja: tuchore vipi pamoja?

Mlezi_Igoma
Habari wadau. Kwenye makazi yetu ya wazee hapa Mwanza kuna ukuta unaotazama ziwa, mita 6 kwa 2.5, plasta ya saruji. Chini, mpaka usawa wa goti, unatoa unga mweupe. Wazee 22 wanataka kuchora ziwa. Wengine mikono inatetemeka, wanne wako kwenye viti vya magurudumu. Hatutaki vijana wachore halafu wazee wabaki kujazia rangi. Tuanzie wapi?

fundi_rangi
Mkuu, huo ukuta usiupake. Unga mweupe ni chumvi: maji yanapanda kutoka ardhini kupitia plasta, yakikauka yanaiacha nje. Rangi itafanya malengelenge na kubanduka hata upige mikono mitatu. Ondoa udongo ulioegemea ukuta, elekeza maji ya paa mbali, kisha sugua kwa brashi kavu. Ukiosha kwa maji, chumvi inayeyuka na kurudi ndani.

Wachore kwenye marini bodi (plaiwudi ya kuhimili maji) ya milimita 12. Shiti moja ni sentimita 122 kwa 244, inatoa vipande 8 vya 60 kwa 60. Shiti tatu ni vipande 24: kila mzee kimoja, viwili vya wote. Uso wake unateleza, kwa hiyo piga msasa namba 120, halafu praima (rangi ya msingi). Kingo zipake mara mbili kabla ya kitu kingine chochote, maana maji huingilia pale na tabaka zikaachana. Ukutani weka vipande 8 kwa upana na 3 kwa kimo, ukianzia sentimita 50 kutoka chini, na nyuma weka vijiti vya sentimita 2 ili hewa ipite. Skrubu ziwe zisizoshika kutu.

Fanyeni Juni hadi Agosti, mvua zikiwa mbali. Mkono wa mwisho ukauke kabla ya jioni na taa ya nje izimwe. Wale wadudu wa ziwani wanaopaa kama moshi hufuata mwanga, wakiganda kwenye rangi mbichi hawatoki.

Nyakato_sanaa
Naunga mkono vipande. Mzee anachorea mezani, hapandi ngazi.

Kinachoharibu kazi za namna hii ni maungio. Panga vipande vyote sakafuni, vuta mstari wa maji na wa milima kwa chaki kupita vyote, kisha andika namba nyuma ya kila kimoja. Mistari hiyo miwili tu ndiyo ya pamoja. Kilichomo ndani ni cha mwenyewe: mtumbwi, sato, mwanga wa karabai za dagaa, Jiwe la Bismarck (ule mwamba wa ziwani hapa Mwanza). Bluu ya maji changanyeni mara moja kwenye ndoo moja. Kila mtu akichanganya yake, ziwa litakuwa na viraka.

Macho ya uzeeni hupata shida kutofautisha bluu na kijani vikikaa pamoja, hivyo tenganisheni kwa mstari mweusi au mweupe wa sentimita 2. Mpini wa brashi uzungushieni mpira wa tyubu ya baiskeli mpaka ujae kiganja. Mkono unaotetemeka unatulia zaidi. Tumieni rangi ya maji tu, harufu ya tina (kiyeyushio cha rangi ya mafuta) si ya kuwafungia wazee chumbani. Dakika 45 asubuhi zinatosha.

Na muwe wakali hapa: hakuna kijana kunyoosha mstari wa mzee bila kuombwa.

Mlezi_Igoma
Asanteni sana. Babu mmoja haoni kabisa, tumpe nini?

Nyakato_sanaa
Mpe kipande cha safu ya chini, mkono wake ukifikie hata baada ya kufungwa. Kamba ya katani ya milimita 6, gundi ya mbao isiyoyeyuka kwa maji. Aipinde mwenyewe kuwa mawimbi au nyavu, ikauke siku nzima, kisha ipakwe mikono miwili ya rangi mpaka nyuzi zishibe. Katani tupu huoza ikinyeshewa.

fundi_rangi
Kingo za kipande hicho zipigwe msasa ziwe mviringo, na skrubu zizame, asije akakwaruzwa vidole.